Alhamisi Nyumba Hukutwa na Joto

Hamilton, 9 Novemba 1981

Dada Teklia,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kabla ya Krismasi. Sijafa, sijaolewa, wala sikuombi kitu.

Nakuandikia kwa ajili ya rafiki yangu mmoja kazini. Tulikuwa tunashona makoti meza moja. Mwezi uliopita wamempunguza kazi, na maskini hajui kuishi kwa kidogo. Ni mtu wa kununua leo na kulipa kesho, sasa kesho imefika. Nikamwambia, mimi nina dada kule Saskatchewan anayeweza kula wiki nzima kwa mfupa mmoja na bado akabakiza wa mbwa. Akacheka, halafu akasema, "Muulize basi anafanyaje."

Kwa hiyo nakuuliza. Mama alikuwa anarefushaje ile supu nyekundu ya viazi sukari? Mnafanyaje na sabuni? Mtu aanze wapi?

Mimi mzima. Nimenunua kochi jipya, la kijani. Ungeliona ungeugua.

Mdogo wako,
Nastia

&nbsp;

Canora, 20 Novemba 1981

Mdogo wangu Nastia,

Kochi la kijani. Haya. Mungu akupe makalio ya kulikalia.

Mwambie rafiki yako aanze na mlango. Vyumba asivyokaa avifunge, aweke nguo kuukuu chini ya mlango, aishi jikoni. Mimi nimefunga vyumba vinne tangu tumzike Mama mwezi wa tatu. Kitanda nimekileta kando ya jiko. Mtu mmoja hahitaji nyumba, anahitaji kona.

Supu: mfupa uchemke mara mbili. Maji ya kwanza ni ya Jumapili, ya pili yatiwe viazi sukari, kabichi na maharage. Siki kidogo mwishoni, ulimi unadhani kuna nyama. Majani ya chai mara mbili, ya tatu ni kujidanganya. Vipande vya sabuni avitie kwenye soksi iliyotoboka, aifunge, aogee hiyo soksi. Shuka ikichakaa katikati aichane, kingo azilete katikati, aishone upya, inampa miaka sita. Mifuko ya mkate ioshwe ianikwe. Sweta likitoboka viwiko lisitupwe, lifumuliwe, uzi uoshwe, lifumwe dogo. Akienda dukani aende ameshiba, na aandike anachotaka kabla hajatoka. Kisichoandikwa hakinunuliwi. Na akitamani kitu, angoje siku tisa. Matamanio mengi hayafikishi siku tisa.

Na asipige simu za mbali. Hela ya dakika tatu inanunua unga. Barua ni stempu moja, na mtu anaweza kuisoma tena.

Sasa nikuambie jambo, usinicheke. Kidude cha joto cha ukutani nakiweka hamsini na tano, kwa zile nambari zetu za zamani za Farenhaiti. Kila Alhamisi nakwenda ukumbi wa kanisa kufinya pyrohy za kuuza, zile sambusa zetu za viazi za kuchemsha, narudi saa tisa mchana. Alhamisi tatu mfululizo nimekuta nyumba ina joto. Kidude kinasoma sabini. Mlango nilifunga mwenyewe. Hakuna kilichoibwa, hakuna nyayo. Mara ya tatu nilisimama pale na koti langu, nikasema kwa sauti, "Mama, acha."

Nadhani ni yeye.

Dada yako,
Teklia

&nbsp;

Hamilton, 1 Desemba 1981

Dada,

Rafiki yangu amepata barua yako, ameinakili yote. Soksi ya sabuni imemfanya acheke hadi akalia. Anashukuru sana.

Lakini hilo la Mama limenikera, na sitakuficha. Kama kweli kuna mzimu humo ndani, basi si wa Mama. Mama apandishe joto? Mama yupi? Yule aliyetulaza watatu kitanda kimoja ili tupashane moto? "Akiba haiozi, akiba haiozi," mpaka leo nikifungua mfereji wa maji moto naisikia sauti yake shingoni.

Umesahau Februari ile? Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, sikusahau. Mdogo wetu Marusia anakohoa, ana miaka mitatu, na sanduku la makaa limejaa hadi juu. Na Mama mwenyewe alisimama mbele ya wale wanawake siku ya maziko akasema, "Ndiyo, nilibana makaa." Bila chozi! Nilimtazama nikasema moyoni, siku nitakapoondoka hapa sitarudi, na sitabana chochote maisha yangu yote.

Ndiyo maana sikuja kumzika. Ulidhani ni kazi. Nilituma maua ya bei mbaya makusudi, ili yamuudhi.

Mwite fundi aangalie hicho kidude. Kimeharibika, basi.

Nastia

&nbsp;

Canora, 8 Januari 1982

Nastia,

Stempu imepanda. Kutoka senti kumi na saba hadi thelathini, kwa mpigo. Nilimwambia yule binti wa posta, "Barua itafika kabla sijaiandika kwa bei hiyo?" Hakucheka. Kwa hiyo nimengoja niwe na la kusema.

Fundi amekuja. Kidude kizima. Alinitoza kwa kuniambia hivyo.

Juzi ilikuwa mkesha wetu wa Krismasi, kwa kalenda ya zamani. Sikupika vyakula kumi na viwili, nilipika vitatu. Nilichemsha ngano ya mkesha, ile tunayoiita kutia, nikaiwekea asali na mbegu za popi. Nikaweka sahani ya marehemu mezani kama inavyopasa, na kijiko. Ya Mama. Ya Marusia sikuiweka. Mama ndiye aliyekuwa akiiweka, kila mwaka, ile ndogo yenye ukingo wa buluu. Mimi mkono wangu haujawahi kuigusa. Nilikula nikilitazama kabati ilimo.

Jana nimetoka kanisani, nimefungua mlango, joto likanipiga usoni kama mtu anayenikumbatia. Sabini na mbili. Sikuwa na nguvu za kuvua viatu. Niliketi sakafuni nikalia, Nastia, mimi, mwanamke wa miaka sitini na miwili.

Umeandika kuhusu Februari. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Kuna jambo hulijui. Nimeanza kuliandika mara mbili na karatasi zote mbili nimewashia moto. Mama alijua kupandisha joto. Hilo tu kwa leo. Miaka yake yote ya uzee alikuwa akipandisha, nami nikipita nyuma yake nikishusha. Hatukuwahi kuzungumza juu yake. Anapita, anapandisha. Napita, nashusha.

Sitaki aendelee. Sistahili. Najua swichi kubwa ya tanuri linalopasha nyumba joto iko wapi, kule chini ya nyumba.

Karatasi imeisha.

Teklia

&nbsp;

Canora, 19 Januari 1982

Bi. Nastia,

Hunijui vizuri, au ulinijua nikiwa mwembamba. Mimi ni Dokia Stadnyk, jirani wa Paraska mama yako, nyumba yenye uzio wa kijani. Nimechukua anwani yako kwenye bahasha iliyokuwa mezani. Sikuisoma barua. Nilisoma bahasha tu.

Dada yako yuko hospitali. Yu hai. Nalitanguliza hilo.

Jumapili hakuja kanisani. Teklia hakosi kanisa, hata akiwa na homa anakuja kutuambukiza. Nje ilikuwa arobaini chini ya sifuri, pua inaganda ukipumua. Nikaenda saa sita mchana nikagonga, kimya, nikafungua kwa ufunguo wangu. Ndani kulikuwa kama nje. Bomba la jikoni limepasuka, maji yamemwagika na kuganda sakafuni, nilivuka kwa kushika ukuta. Amekaa kitini mbele ya jiko lililozimwa, koti mwilini, midomo rangi ya zambarau. Alikuwa anaongea na mtu. "Marusia, subiri kidogo," anasema, "subiri kidogo tu, Mama anakuja." Hakukuwa na mtu. Nilifanya ishara ya msalaba, nikamvua koti lake nikamfunika langu, nikaita gari la wagonjwa.

Alizima tanuri mwenyewe, swichi kubwa, kule chini. Tangu Alhamisi.

Sasa sikiliza, maana lazima nimwambie mtu. Mimi ndiye niliyekuwa napandisha joto.

Mama yako siku zake za mwisho aliniita. Akanipa ufunguo, akanishika mkono, akasema, "Dokia, mwanangu huyu anajiadhibu kwa baridi. Nikifa atajigandisha humu ndani. Wewe hufinyi tena pyrohy kwa sababu ya mikono yako, kwa hiyo Alhamisi upo. Ingia, pandisha, toka. Usimwambie, atakunyang'anya ufunguo." Nikaapa. Hata siku ya Krismasi nilitoroka kabla ibada haijaisha, Mungu anisamehe, nikaenda kupandisha.

Sikujua kuwa anadhani ni mzimu. Ningejua ningevunja kiapo. Kwa nini anajiadhibu sijui, mama yako hakusema, na mimi sikuuliza.

Njoo kama unaweza.

Dokia Stadnyk

&nbsp;

Hamilton, 25 Januari 1982

Dada Teklia,

Nimepata barua ya Bi. Dokia. Nimepiga simu hospitali, dakika sita, usinigombeze. Muuguzi amesema vidole vya miguu vitapona, mapafu bado.

Siwezi kuja sasa hivi. Kazi imebana, msimamizi hatoi ruhusa. Nisamehe.

Lakini niambie. Kwa nini Mama aseme unajiadhibu? Kwa kosa gani? Maisha yako yote hujaiba hata pipi. Na kwa nini Marusia? Dokia anasema ulikuwa unaongea naye. Umeandika kuna jambo silijui. Sasa limekaribia kukuua, kwa hiyo liandike. Usiichome karatasi.

Nastia

&nbsp;

Hospitali, Canora, 2 Februari 1982

Nastia,

Humu ndani kuna joto usiku na mchana na hakuna anayelizima. Sijazoea. Nimemwomba muuguzi karatasi, kanipa nyingi, kwa hiyo sina kisingizio.

Dokia amekuja akaniambia la ufunguo huku analia. Nilimshika mkono. Sikuweza kumkasirikia. Kwa hiyo hapakuwa na mzimu. Au alikuwepo, ila alimtuma jirani.

Sasa nisikilize.

Februari ile Baba alikuwa msituni akikata magogo. Unakumbuka walikuja kumchukua Mama kwa mkokoteni wa theluji, kuna mwanamke maili tisa anajifungua. Aliondoka asubuhi. Mlangoni alinigeukia, mimi nina miaka kumi na sita, akasema, "Teklia, makaa yapo. Usiyaonee huruma. Mtoto anakohoa, washa." Maneno hayo hayo. Ninaweza kukuonyesha ubao aliokanyaga akiyasema.

Kisha theluji ikafunga njia, akakaa siku tatu.

Mimi nilikuwa nimelelewa na akiba haiozi. Kila nilipookoa kitu, uzi, kiberiti, ganda la kiazi, alinipapasa kichwa. Hakutupapasa kwa jambo jingine, hakuwa na muda. Nikawaza, akirudi akute sanduku limejaa. Atashangaa. Atanipapasa. Kwa hiyo asubuhi niliweka mabonge mawili, na mchana nikaufunga mdomo wa jiko. Nilimvika Marusia soksi zote za nyumba. Nilimwambia, subiri kidogo, Mama anakuja.

Mama aliingia siku ya nne. Aligusa paji la mtoto. Halafu akatazama sanduku la makaa, akanitazama mimi. Hakunipiga. Alianza kupakia makaa jikoni kwa mikono, mpaka chuma kikawa chekundu. Siku mbili baadaye Marusia akafa.

Siku ya maziko wanawake walinong'ona, unajua walivyo. Mmoja akasema waziwazi, "Paraska, makaa yako yote haya, na mtoto?" Nilikuwa nimesimama na sinia ya vikombe. Nilifungua mdomo. Mama akatangulia. "Ndiyo, nilibana makaa." Alisema akinitazama. Alikuwa ananifungia mlango nisitoke kwenye baridi, Nastia. Nami nikaingia ndani, nikanyamaza. Miaka arobaini na sita.

Nilikuona ukimtazama. Nilikuona unavyoanza kumchukia. Nilikuona unapanda treni una miaka kumi na tisa na hukumbusu. Kila mwaka nilisema, mwaka huu nitamwandikia. Yeye alikuwa akiuliza kila posta ikija, "Kuna ya Nastia?" Nami najua kwa nini haipo, na ninampa chai.

Nimekunyang'anya mama yako kwa ajili ya sanduku la makaa, kisha kwa ajili ya woga. Sikuombi unisamehe. Nilitaka tu uache kumchukia yeye. Kama ni lazima umchukie mtu, anwani yangu unayo.

Teklia

&nbsp;

Hamilton, 15 Februari 1982

Teklia,

Barua yako ilikaa siku tatu mezani baada ya kuisoma. Siku ya kwanza nilivunja sahani mbili. Siku ya pili nilikuandikia kurasa nne za matusi. Siku ya tatu nikazisoma, nikaona kila tusi linanirudia, nikazichana. Kwa hiyo hii ni barua ya siku ya nne.

Nimekukasirikia, usidhani sijakukasirikia. Nina mama niliyemtumia maua ya kumuudhi akiwa ndani ya jeneza. Hilo siwezi kulirudisha dukani. Kuna saa nasimama katikati ya chumba nasema "Mama" na sijui niendelee vipi.

Lakini umekosea mahali pamoja. Umesimulia kana kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa wawili, wewe na Marusia. Mimi nilikuwa wapi, dada?

Siku ya pili ulitoka kuchota theluji ya kuyeyusha. Marusia alikuwa kwenye benchi, amevimba soksi. Akaniambia, "Nastu, baridi." Sanduku la makaa lilikuwa miguuni pangu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, bonge moja ningeliinua kwa mkono mmoja. Lakini ulikuwa umeniambia asubuhi ile kwamba tukibakiza makaa Mama atatununulia utepe wa nywele, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshachagua. Mwekundu. Nikamwambia, "Vuta soksi." Akazivuta. Hakusema tena.

Sikuwahi kusahau. Nililiweka chini ya kitu kingine tu. Mama aliposema, "Ndiyo, nilibana," nilishukuru, Teklia! Nilimshika kama mtu anayezama anavyoshika mtu, nikamzamisha. Nikatoka hapo nikanunua kila kitu chekundu, na cha kijani, na cha manjano, na hakuna kimoja kilichonitosha siku tisa.

Kwa hiyo usiubebe mzigo ule peke yako kama kawaida yako ya kujinyima. Nusu yake ni yangu. Naitaka.

Na sasa la rafiki yangu. Umeshajua. Hakuna rafiki. Kiwanda kilifunga Oktoba, walituita saa nne asubuhi, saa tano tuko barabarani na mikasi yetu. Sikuwa na ruhusa ya kuomba kwa msimamizi, kwa kuwa sikuwa na msimamizi. Sikuja kwa sababu sikuwa na nauli. Nimekula supu yako ya maji ya pili tangu Novemba. Siki inasaidia kweli, inamdanganya ulimi, ila tumbo lina akili. Kochi wamekuja kulichukua wiki ya kwanza ya Desemba, nikiwa nimelikalia.

Jumamosi nimeuza televisheni ya rangi na koti la manyoya. Zimetosha tiketi ya basi, ya kuja tu. Ya kurudi sijaiulizia bei.

Nafika Canora Jumanne, tarehe ishirini na tatu, saa nane mchana. Dokia aliniambia kwa simu (dakika mbili, yeye ndiye aliyepiga) kuwa watakuruhusu Jumamosi hii na bomba limeshatengenezwa. Usije stendi kwa miguu, na vidole vile. Chukua teksi. Nitailipa mimi. Hapana, sina. Ilipe wewe.

Mwachie Dokia ufunguo wake.

Nikishafika tutakwenda makaburini, hata kama ni kwa kufukua theluji kwa koleo. Wewe utamwambia Mama ulichonacho, na mimi nitamwambia changu. Sijui nitasema nini. Labda nitasimama tu hapo mpaka nishindwe na baridi, halafu turudi nyumbani.

Na nakuomba jambo moja, siku zote nitakazokaa. Usinilaze kwenye vyumba ulivyofunga. Ninaogopa vyumba vile, Teklia, nina miaka hamsini na saba na ninaogopa. Niwekee kitanda hapo hapo jikoni, kando ya chako.

Nastia